Doa chini ya mashine ya barafu

Katika miaka ya Zaire nilikuwa msimamizi wa mitambo kwenye kiwanda kidogo cha barafu hapa Kalemie. Kilisimama kati ya reli na ziwa, na wateja wetu walitoka pande zote mbili: wavuvi waliokuja na mitumbwi, na wachuuzi waliopeleka samaki kwa treni hadi Nyunzu na Kabalo. Sikusoma shule ya ufundi. Nilimaliza masomo ya msingi kwa wamisionari, nikaingia kiwandani kama mbeba makopo ya barafu, na yaliyobaki nilijifunza kwa kutazama. Baadaye nilipata kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada, ambacho fundi aliyenitangulia alikiacha kabatini. Kilihusu utunzaji wa mitambo viwandani. Nilikisoma polepole, kamusi mkononi, na pale nilipofika mwisho nilirudi mwanzo, kwa sababu sikuwa na kingine.

Kiwanda kilikuwa na mashine mbili za kubana hewa ya amonia, moja kubwa na moja ndogo. Ndogo ilikuwa imekwisha kuliwa. Hivyo ndivyo tulivyosema. Kila kitu kilichovunjika katika kubwa kilibadilishwa kwa kitu kilichofunguliwa kutoka ndogo, mpaka ndogo ikabaki mifupa pembeni ya ukuta. Vipuri kutoka Lubumbashi vilichukua muda usiojulikana, na kutoka Ulaya hatukuthubutu hata kuviwaza. Kwa hiyo kubwa ilitembea peke yake, bila mwenzake wa kuipokea.

Nasema ilitembea kwa sababu ndiyo lugha yetu. Mashine huku kwetu ina hali mbili: inatembea au imekufa. Kila asubuhi mwenye kiwanda, mfanyabiashara mzaliwa wa Manono aliyekuwa pia na duka la vitambaa, aliniulizia dirishani mwa gari, bila kushuka.

"Fundi, masini inatembea?"

"Inatembea, Shefu."

Akaenda zake. Hapakuwa na swali la pili, na kwa miaka mingi wala mimi sikuona kwamba lilihitajika.

Halafu ikafa. Ilikuwa majira ya mikebuka, samaki wa ziwa letu, wakati wavuvi walipowaleta wengi kuliko watu wa mjini walivyoweza kula. Mkanda mkuu ulikatika, ukapiga bomba la maji ya kupoza, na kabla hatujazima, kichwa cha mashine kilikuwa kimepata joto kupita kiasi na kupasuka. Tulikaa wiki kadhaa bila barafu. Mama mmoja mchuuzi, aliyekuwa mteja wetu mkubwa kuliko wote, alipoteza shehena nzima ya samaki iliyokuwa ikingoja treni. Alisimama mlangoni akitutazama tukihangaika.

"Papa Fundi," akasema, "ile barafu yenu iko namna gani? Ikiniona tu inaanza kulia machozi."

Wafanyakazi wakacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akaenda kuwamwaga samaki wake.

Siku tuliyoiwasha tena, mwenye kiwanda alishuka garini kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alituita wote uani.

"Musikilize," akasema. "Mimi siko na nguvu ya kulisha masini inakufa-kufa. Ikikufa tena mbele ya mvua kuisha, nauzisha. Kuko muntu wa Kigoma anaitaka. Na mujue, masini ikienda, kazi imeisha, na manyumba ya kiwanda munatoka."

Manyumba ya kiwanda yalikuwa nyumba ndogo za matofali nyuma ya stoo. Mimi niliishi katika moja na familia yangu. Katika nyingine alikaa mzee mtunza mashine, mtu wa upande wa Zongwe, aliyekuwa ameisikiliza mashine ile kwa miaka mingi kuliko sisi wote. Jioni hiyo mzee aliketi juu ya gogo mbele ya mlango wake.

"Fundi," akasema, "Zongwe sina nyumba tena. Ukijua jambo la kufanya, lifanye."

Nilikirudia kile kitabu. Kilieleza kwamba kuna njia tatu za kutunza mtambo. Ya kwanza ni kungoja kitu kivunjike, kisha kukitengeneza. Ya pili ni kukibadilisha kwa kalenda, kikiwa kizima. Ya tatu ni kukitazama na kukipima, na kukishika pale kinapoanza kuonyesha dalili. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza niliyachukua kama ngazi: njia ya kwanza ya wajinga, ya tatu ya wenye akili. Safari hii nilisoma nikiwa na mashine moja mbele yangu, nikaona kwamba mwandishi hakusema hivyo. Alisema kila kipande kina njia yake, na mwenye kutumia njia ya tatu kwa kila kitu atafilisika sawasawa na mwenye kutumia ya kwanza.

Basi nikaizunguka mashine, kipande kwa kipande, nikijiuliza mambo mawili tu. Hiki kikifa, nini kingine kinakufa nacho? Na cha kukibadilisha kinatoka wapi? Makopo ya barafu yakitoboka, tunaziba kwa risasi iliyoyeyushwa papo hapo na hakuna kinachosimama. Hayo tuyaache yatoboke. Taa, mipira ya maji, ndoano za kuinulia barafu, vivyo hivyo. Mkanda ulikuwa jambo lingine. Wenyewe si ghali, lakini ulipokatika ulichukua vingine. Huo lazima ubadilishwe kabla haujachakaa, hata kama macho yanaona bado mzuri, na ule wa zamani uwekwe kama akiba. Chujio la maji ya ziwa lisafishwe kwa kalenda, kwa sababu dagaa na majani huingia bila kuuliza. Mafuta yabadilishwe kwa kalenda.

Kilibaki kitu kimoja ambacho hakikukubali njia ya kwanza wala ya pili: kusine ya nje. Huko atelie, yaani karakana, tuliita kusine kile kikombe cha chuma kilichotandikwa ndani risasi nyeupe, madini laini tofauti na risasi ya kuzibia makopo, ambamo mhimili hulala na kuzunguka. Kusine ile ilibeba gurudumu zito la mashine. Ikifa ghafla, gurudumu linaanguka na mhimili unapinda, na mhimili wa kuubadilisha haukuwapo Zaire nzima. Lakini kuitandika upya kwa kalenda hatukuweza, kwa sababu risasi nyeupe tuliyokuwa nayo ilikuwa ile tu iliyobaki ndani ya kusine za mashine ndogo. Ilitosha mara moja. Tukiitumia mapema tumeitupa, tukichelewa kuitumia haina kazi. Hapo njia ilikuwa moja: kuitazama.

Na ilikuwa inatazamika. Kusine ilidondosha mafuta kidogo sakafuni, tone moja moja, na chini yake palikuwa na doa jeusi la miaka mingi. Rangi ya mafuta hayo, wingi wake, kilichomo ndani yake, vyote vilikuwa pale sakafuni kwa mtu wa kuviangalia.

Tatizo la pili lilikuwa muda. Kubadilisha mkanda na mafuta ni lazima kuzima, na mwenye kiwanda hakutaka kusikia neno kuzima. Lakini kila Jumamosi asubuhi kiwanda kilizimwa hata hivyo, kwa ajili ya salongo, ile kazi ya umma ambayo kila raia alipaswa kuifanya. Wafanyakazi wote walitoka nje na mapanga na mafagio, wakakata majani kando ya barabara, na kiongozi wa chama wa mtaa wetu alipita amevaa abakosi yake, lile koti la chama lisilo na tai, akikagua. Nikaenda kumwomba ruhusa: watu wangu wafanye salongo ndani ya kiwanda, juu ya mashine.

"Sitwayeni fundi," akaniambia, maana wakati ule kila mtu aliitwa raia kwa Kifaransa, "salongo ni ya kuonekana. Ndani nani ataona?"

"Wewe utaona. Uje ukague ndani."

Hilo lilimpendeza. Akakubali.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa stesheni tangu asubuhi, nikifuatilia pipa la mafuta lililokuwa limefika kwa treni. Niliwaachia maagizo kwa mdomo: mkanda, chujio, mafuta, halafu kuitunza mashine vizuri. Niliporudi, nilisimama mlangoni. Mashine iling'aa. Walikuwa wameiosha kwa sabuni na petroli, wakaipangusa, wakaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye lango. Sakafu ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga wa ziwa hadi saruji ikawa nyeupe. Mzee mtunza mashine alisimama kando yake, tambara begani.

"Fundi, angalia," akasema. "Nimeiogesha kama bibi arusi. Sasa tutafute tu bwana."

"Doa liko wapi?"

"Doa gani?"

"La mafuta. Chini ya kusine."

"Aa, ile uchafu! Ilitusumbua sana. Wawili walisugua kwa magoti."

Kijana mmoja wa makopo akadakia: "Fundi analilia uchafu! Tumurudishie, tumwage mafuta kidogo."

Walicheka wote, na walikuwa na haki ya kucheka. Kwa mtu wa Zaire salongo maana yake ilikuwa moja: kusafisha mpaka kiongozi aridhike. Ukimwambia afanye salongo ya mashine, ataifanyia mashine kile alichokifanyia barabara. Na walikuwa wamefanya kwa moyo. Kiongozi wa chama alikwisha kupita, akawapongeza.

Nikawakalisha chini, nikawaeleza. Niliwaambia kwamba mashine haina mdomo, na kwamba lile doa ndilo lililokuwa likitueleza afya ya kusine, kama mganga anavyotazama choo cha mtoto. Mfano huo waliupenda kuliko nilivyokusudia, na tangu siku hiyo doa liliitwa choo cha bibi arusi. Tukachora mstari wa chokaa kuzunguka mahali pale. Ndani ya mstari, fagio lisiingie. Badala ya kusugua, mzee aliweka kipande cha kitambaa cheupe, kikabadilishwa kila Jumamosi, na cha zamani kikatundikwa ukutani juu ya msumari. Kwa hiyo ukutani palikuwa na safu ya vitambaa vyenye madoa, na mtu yeyote aliweza kuvilinganisha.

Jumamosi iliyofuata kiongozi wa chama aliingia, akaona sakafu nyeupe na katikati yake uchafu uliozungushiwa chokaa kama kaburi. Akakasirika.

"Hii ni nini? Munanichezea?"

"Papa kiongozi," mzee akamjibu kwa heshima zote, "ile ni yenye kukaguliwa. Ingine yote ni ya kupita tu."

Kiongozi aliangalia vitambaa ukutani, akatuangalia sisi, akatoka. Lakini hakutukataza.

Hivyo tukaenda. Mkanda ulibadilishwa kabla ya wakati, na mwenye kiwanda alinung'unika kwamba tunatupa mkanda mzima. Makopo yalitoboka na tukayaziba. Vitambaa vilijaa ukutani, vyote vya rangi moja, kahawia ya asali. Mvua zilianza kupungua. Wafanyakazi wakaanza kusema kana kwamba tumekwisha kuvuka.

Kisha Jumamosi moja, salongo ikiwa imekwisha na mashine imewashwa tena, mzee aliniita. Hakupiga kelele. Kitambaa cha wiki ile kilikuwa cheusi zaidi, na alipokipeleka kwenye mwanga wa mlango, ndani ya weusi kulikuwa na vumbi linalometa, kama magamba ya dagaa. Ilikuwa risasi nyeupe. Kusine ilikuwa inaanza kujila.

Niliweka mkono juu yake. Haikuwa na joto la kutisha. Sauti ilikuwa ile ile. Mtu yeyote angeulizwa dirishani angejibu kwamba inatembea, naye asingekuwa amesema uongo.

Yule mama mchuuzi alikuwa na samaki wake ndani ya stoo yetu, wakingoja treni iliyotarajiwa keshokutwa. Alikuwa amekopa kwa nguvu zake zote ili kujaza upya alichopoteza, na kila mtu kiwandani alijua. Nilimkuta akifunga magunia.

"Mama, nitazima masini."

"Imekufa?"

"Hapana. Inatembea."

Akaweka gunia chini. "Papa, weye uko muzima? Inatembea unazima? Samaki zangu ziko ndani."

"Najua. Maji ya chumvi kwenye tangi yakifunikwa vizuri yanashika baridi. Na barafu iliyopo stoo tutaifunika kwa pumba na magunia. Kama hakuna mtu atakayefungua mlango, inafika kesho jioni. Kesho mchana mashine inarudi."

"Na isiporudi?"

"Isiporudi umepoteza samaki. Lakini nikiiacha, ikafia njiani, utapoteza hawa na wa mwaka ujao."

Aligeuka kuutazama mlango wa stoo. Halafu akasema, "Nani anafungua ule mlango, nitamukata mikono," akaketi mbele ya mlango wa stoo, juu ya gunia, na hapo ndipo alipokaa.

Nikazima. Ukimya ule ulitutisha. Hatukuwa tumewahi kuzima mashine yenye nguvu, nje ya salongo, kwa hiari yetu. Mwenye kiwanda alifika kabla gurudumu halijapoa, maana watu walikuwa wamekimbia kumwambia.

"Nilisema ikikufa nauzisha."

"Haijafa, Shefu."

"Sasa mbona imesimama?"

Nilimwonyesha kitambaa. Aliona mafuta machafu. Nilimwonyesha vitambaa vingine ukutani. Akasema hakuja kununua matambara.

"Ingekufa lini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Kama haujui siku, unajua nini?"

"Najua imeanza. Na najua tuko na risasi ya kutandika mara moja tu, na mhimili ni mzima leo."

Hakuniambia endelea, hakuniambia acha. Aliingia garini akaondoka, nasi tukaendelea. Tulilitegemeza gurudumu kwa mataruma ya reli, tukaifungua kusine. Risasi yake ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba upande wa chini, na kipande kimoja kilitoka kwa kuguswa na kucha. Mhimili ulikuwa laini, bila mkwaruzo. Tukayeyusha risasi ya mashine ndogo kwenye jiko la mkaa, tukaimimina, tukaiacha ipoe taratibu. Kisha ikaja kazi ndefu ya kukwangua: unapaka mhimili masizi, unauzungusha, unatazama masizi yameshika wapi, unakwangua hapo, unarudia. Mzee na mimi tulipokezana. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu kwa kazi hiyo, na jicho langu lilikuwa zuri zaidi kuliko lake.

Siku ya pili, jua likiwa katikati, tukawasha. Mama alisimama kutoka kwenye gunia, akafungua mlango wa stoo kwa mkono wake mwenyewe, akaingia. Alipotoka alikuwa ameshika samaki mmoja kwa mkia, mgumu kama ubao. Akamgonga juu ya mlango ili tusikie. Samaki wake walipanda treni.

Mwenye kiwanda alikuja siku kadhaa baadaye, na safari hii alikuwa na mgeni, mtu mnene mwenye kofia nyeupe aliyesema Kiswahili cha ng'ambo. Mgeni aliizunguka mashine, akaweka kiganja kila mahali, akauliza maswali mazuri. Aliuliza habari za vitambaa ukutani, nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilifikiri ni rafiki anayeonyeshwa mambo yetu. Walipomaliza, mwenye kiwanda alinivuta pembeni.

"Fundi, umefanya kazi. Nimeuzisha."

Sikuelewa mara moja. "Ulisema utauza ikifa. Haikufa."

"Ikikufa ningeuzisha chuma," akasema, bila ukali, kama mtu anayemweleza mwingine jambo la kawaida. "Sasa nimeuzisha masini. Weye mwenyewe umeipandisha bei."

Kitabu changu kilikuwa kimeeleza vizuri gharama ya kutunza na gharama ya kutotunza. Hakikueleza popote ni nani atakayevuna mashine ikipona. Nilikuwa nimepima kila kipande cha kiwanda kile, kile kinachokufa na kile kinachouawa, lakini mwenye kiwanda sikumpima, na yeye ndiye aliyeshikilia vyote.

Mashine tuliifungua wenyewe, kwa sababu mnunuzi aliomba hivyo na alitulipa kwa kazi hiyo. Vijana wa makopo walitaka kuifungua kwa nyundo.

"Fundi, ya nini kuipangusa? Si imekwenda?" mmoja akauliza. "Wacha wa Kigoma watajitafutia."

Mzee alikuwa anachonga vipande vya mbao vya kuifunga ile kusine mpya isigongwe njiani. Nami niligonga alama ya patasi kwenye kila kipande na mwenzake, ili mtu nisiyemjua, upande ule wa ziwa, asije akaifunga kinyume akaiua siku ya kwanza. Kazi hiyo ilichukua wiki nzima. Hatukuifanya kwa ajili ya mwenye kiwanda, wala kwa ajili ya mnunuzi. Tulikuwa hatujui njia nyingine ya kuigusa.

Siku meli ilipoibeba, mama mchuuzi alikuwa bandarini akinunua chumvi kwa magunia, ya kukaushia samaki, maana barafu haikuwapo tena. Alinisalimu, akaniuliza mzee amekwenda wapi. Nikamwambia anahamisha vyombo vyake, kama sisi sote wa manyumba ya kiwanda. Yeye mpwa wake wa Nyunzu amempa chumba. Akainama kumalizia kuhesabu magunia yake, kisha akaniita nimsaidie kumtwika mbebaji la mwisho, na tukalinyanyua pamoja.